Kichwa Changu Kimenisema Ndani ya Mashine

Leo nimeaibika mbele ya profesa, mbele ya shemeji yangu, na mbele ya kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyonichongea.

Najua sijaandika chochote humu kwenye kundi letu tangu matanga ya mume wangu. Mmekuwa mkinitumia salamu na mimi nimekuwa nikizisoma tu na kunyamaza. Mnisamehe. Lakini kesho shemeji atakuwa kanisani, na nikimwacha aisimulie yeye habari hii, itawafikia ikiwa imetiwa chumvi. Afadhali muisikie kwangu, jinsi ilivyokuwa, bila kupunguza hata pale panaponiuma.

Nadine ni mtoto wa shemeji, kaka mkubwa wa marehemu. Anasomea udaktari, na kazi yake ya kumaliza masomo ni kupiga picha ubongo ukiwa kazini. Anamlaza mtu ndani ya IRM, ile mashine kubwa yenye tundu katikati, anamsikilizisha sentensi, na mashine inapiga picha ya ubongo mzima kila sekunde mbili. Baadaye kompyuta inatafuta ni sehemu gani inayoamka mtu anapoelewa Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi. Sentensi nyingine zina maana. Nyingine ni silabi tu zilizochanganywa, hazina maana katika lugha yoyote. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo anayoitafuta.

Alihitaji watu kumi na wawili. Kumi na mmoja alikwisha kuwapata. Mume wangu alikuwa ameahidi kuwa wa kwanza kabisa. Walikubaliana mwaka jana mezani kwangu, kwa bukari, ugali wetu, na samaki. Akasema, "Miye njo utaanza nami. Lakini usishangae ukikuta mu kichwa hamuna kitu." Tulicheka. Hakuwahi kuingia. Basi mimi nikamwambia Nadine, nafasi ya baba yako mdogo nitaijaza mimi.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Hospitali inampa Nadine saa moja kila Jumamosi, wagonjwa wakiwa wachache. Kuanzia Jumatatu mashine inafunguliwa kwa matengenezo, na hakuna anayejua itarudi lini. Ni mtu wa kumi na mbili leo, au Nadine asubiri mwaka mwingine mzima huku wenzake wakiitwa madaktari.

Katikati ya wiki alikuja kwenye cherehani yangu kunieleza kazi. Mnajua mimi niliishia darasa la sita. Lakini Nadine hasemi na mtu kama anamsomea hukumu. Alishika vipande viwili vya kitenge, akaviweka kimoja juu ya kingine.

"Mama mudogo, mbele ya kukata, unafanya nini?"

"Ninapanga maua yakutane."

"Njo vile kompyuta inafanya. Picha moja juu ya ingine, kila pointi juu ya pointi yake. Ukisukuma kichwa kidogo, ua limeteleza. Kompyuta inairudisha. Lakini ukiteleza sana, haiwezi tena. Ninatupa yote."

Akaniambia kwamba mtu mmoja alilala usingizi humo ndani, akakoroma, kichwa kikapanda na kushuka kama cha njiwa anayekula. Picha zake zote zilitupwa, ikabidi atafutwe mwingine.

Nikamwambia asihofu. Mimi ni mtu wa kutulia. Kwenye matanga nilikaa juu ya mkeka mpaka mama mmoja kutoka Kasomeno akauliza kwa sauti ya chini kama ninapumua. "Jiwe njo linatikisika mbele yangu," nikamwambia Nadine. (Nilijisifu. Ninaandika hivyo hivyo. Na leo asubuhi nikajisifu tena, mbele ya watu watatu.)

Shemeji ndiye aliyetupeleka kwa gari lake. Ni mwalimu mstaafu, na bado anavaa tai hata akienda kununua makaa. Alisema atakaa tu kwenye kiti, hatasumbua mtu. Akakaa kwenye kiti, akaanza kumwuliza fundi wa mashine umri wake, na shule aliyosoma, na nani alimfundisha hesabu.

Fundi huyo anaitwa Guelord. Ni kijana mpole. Aliponiona nimenyolewa kichwa kwa ajili ya msiba alifurahi kuliko inavyopaswa.

"Mama, we uko mutu bora kwa mashine hii," akasema. "Hakuna pini, hakuna meshi, nywele ya bandia. Jana niliondosha pini kumi na tatu mu kichwa ya mutu moja."

Nikavua pete. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi. Nadine akaifunga kwenye pembe ya kitambaa chake.

Nikalala chali. Guelord akaniwekea spika ndogo masikioni, akanijazia sponji kushoto na kulia, kisha akanishushia usoni kitu cha plastiki kama kizimba cha kuku. Akasema nisiongee, nisikohoe ovyo, nisitikise kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, mutachoka ninyi mbele yangu." Profesa wa Nadine alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Shemeji naye alisikia. Hao na Guelord ndio wale watu watatu.

Wakanisukuma ndani. Mashine ikaanza kupiga kelele, kama mtu anayegonga bati na mwingine anayemjibu. Nilitulia. Kweli nilitulia. Mikono ilitulia, miguu ilitulia, hata mawazo yalitulia.

Halafu sauti ikaja masikioni.

Ilikuwa sauti ya shemeji.

Nadine hakuwa ameniambia. Mwenye kulala hapaswi kujua atakachosikia, ndiyo sheria ya kazi yao. Alikuwa amemtafuta mtu mwenye matamshi safi, akamrekodi baba yake, mwalimu wa miaka arobaini. Basi nikiwa nimelala humo kizimbani, nikamsikia kaka mkubwa wa mume wangu akiniambia polepole, kwa uzito wote:

"Mbuzi ya jirani imelala mu barabara."

Lazima niwakumbushe jambo mnalolijua. Kwetu, mkubwa wa mume wako akisema, humkodolei macho. Unashusha kidevu kidogo, na unakipandisha akimaliza. Hakuna aliyenifundisha kwa kitabu. Mama mkwe alinitazama mara moja tu, mwezi wa kwanza wa ndoa, nikaelewa. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa.

Nikaisikiliza habari ya mbuzi. Kikapita kimya kifupi.

"Bunga ya Mokambo imelowa mu mvula."

Kimya.

"Dolimeka supeti fanolo redima."

Hiyo sikuielewa. Nikawaza ni lugha ya zamani ya Wasanga, ya wazee wenyewe. Nikaisikiliza kwa heshima zaidi. Nilihisi kidevu kikishuka kuelekea shingo, lakini heshima sikuihesabu kuwa kutikisika. Nilikuwa nimetulia, nilikuwa jiwe.

Ziliendelea hivyo dakika nane. Mbuzi, unga, samaki, paa la kanisa, na katikati yake maneno ya wazee. Waliponitoa nilikuwa najiona shujaa. Nilimwambia Guelord, "Si nilikuambia?"

Guelord hakunijibu. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

Nikavaa viatu, nikaenda pale walipokuwa wamesimama. Kwenye kioo kulikuwa na mistari sita. Nadine alinieleza baadaye: mitatu ni ya kichwa kuteleza, upande huu na upande ule, juu na chini, mbele na nyuma. Mitatu ni ya kichwa kuinama na kugeuka. Mistari mitano ilikuwa imelala vizuri. Mmoja ulikuwa kama meno ya msumeno. Unapanda, unashuka. Unapanda, unashuka. Kwa mpangilio, kama umechorwa na mtu mwenye rula.

Profesa alivua miwani. "Guelord, uliweka sponji muzuri?"

"Niliweka, Profesa."

"Uliweka namna gani? Kichwa inacheza hivi, mutu amelala mu sponji?"

"Niliweka mbili mbili, kila upande."

"Basi ni kitanda. Ao ulisahau kufunga kitanda. Kila Jumamosi ninasema kitu ileile."

Guelord akainama kuangalia kitanda. Akapiga magoti. Shemeji, aliyesema hatasumbua mtu, akaongeza kutoka kwenye kiti, "Vijana ya leo hawahakikishe kazi."

Mimi nilikuwa nahesabu meno. Ni tabia ya cherehani, jicho linahesabu lenyewe. Yalikuwa ishirini na manne. Na nikakumbuka kwamba Nadine aliniambia sentensi nazo ni ishirini na nne.

Ningeweza kunyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza, wote mnajua, na hakuna ambaye angeniuliza. Guelord angelaumiwa hadi jioni, kisha yangeisha. Lakini alikuwa amepiga magoti pale chini akitafuta kosa lisilokuwa lake.

Nikasema, "Mumuache mutoto. Kitanda haina kosa. Ni miye."

Profesa akanigeukia. "Wewe ulifanya nini, Mama?"

"Nilikuwa ninamuitika Papa."

"Papa gani?"

Nikaonyesha kwa mkono wote, kwa sababu shemeji haonyeshwi kwa kidole. "Uyu. Alikuwa anasema mu masikio. Akisema, miye ninainama."

Guelord, bado chini, akafunika mdomo kwa kitambaa cha kufutia kitanda. Profesa aliutazama mstari, akanitazama, akautazama tena mstari. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alijaribu kukohoa, ikashindikana.

(Mwanamke mzima, mjane, na kichwa changu kilichonyolewa, ninamwinamia mbuzi wa jirani mbele ya msomi wa chuo kikuu.)

Nadine hakucheka. Alikuwa amekwisha kuketi mbele ya kompyuta, anazifungua sentensi moja moja na kuziweka chini ya mstari. Mbuzi, jino. Unga, jino. Halafu akasita.

"Mama mudogo," akasema, "ile meno marefu, unajua ni ya nini?"

"Hapana."

"Ni ya maneno haina maana. Unainama zaidi."

Nikasema ukweli. "Nilifikiri ni mambo makubwa."

Hapo profesa akatoka nje kwa muda.

Aliporudi, macho yamelowa, alisema tusiwe na hofu, kompyuta itarekebisha. Kila picha itageuzwa ilingane na ya kwanza, na meno yatapungua. Na sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo ninapojivunia. Nadine akasimama mbele ya profesa wake, mikono nyuma, akasema hapana.

"Profesa, angetikisika ovyo, ningekubali. Lakini yeye anatikisika pale pale sauti inasema, na zaidi pale haina maana. Tukiondosha mutikisiko, tunaondosha na jibu ya ubongo. Tukiiacha, tutasema ni ubongo, kumbe ni shingo. Mimi siwezi kuandika ile."

Niliielewa papo hapo, kwa njia yangu. Kitambaa kikiteleza ovyo unakirudisha. Lakini kikiteleza kila mkasi unapouma, mahali palepale, hutajua tena kama ua limepindishwa na mfumaji au na mkono wako. Yeye angeweza kukubali, achukue picha zangu mbovu na aitwe daktari. Alikataa. Profesa akavaa miwani yake, akasema, "Uko na haki." Nilimwona shemeji akikaza tai yake bila sababu.

Lakini haki hiyo ilimwacha Nadine bila mtu wa kumi na mbili. Alikaa akaanza kufunga karatasi zake.

"Imebaki dakika ngapi?" nikamwuliza Guelord.

"Kumi na tano, Mama."

"Ile kazi ni dakika nane."

"Mama mudogo," Nadine akasema, "utainama tena. Haiko kosa yako. Na sauti ingine sina."

"Nirudisheni."

Guelord ndiye aliyenisaidia, yeye niliyemwokoa kwenye magoti. Alileta sparadra, ile plasta ndefu ya kufungia kidonda, akaibandika kwenye paji langu la uso kutoka upande mmoja wa kizimba hadi mwingine. "Haishike kichwa kwa nguvu," akanieleza. "Ila ukitaka kuinama, itakuvuta ngozi. Itakukumbusha." Nilikuwa nafanana na bahasha iliyobandikwa.

Nadine akafikiri, akamwendea baba yake. "Papa, umupe ruhusa. Bila ruhusa yako hatawezana."

Shemeji akaichukua kazi hiyo kwa uzito unaostahili. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaletwa kwenye kipaza sauti cha chumba cha pili. Mimi nikiwa tayari nimelala ndani, nikamsikia:

"Muke ya mudogo yangu. Leo, usiniinamie. Ninakuruhusu mbele ya bantu bote."

Sparadra ikanivuta paji la uso.

"Mama," sauti ya Guelord ikasema polepole, "kichwa."

Nilikuwa nimeinama kupokea ruhusa ya kutoinama.

Wakaanza. Safari hii zilikuwa sentensi nyingine, za akiba, lakini sauti ileile. Ya kwanza ilikuja, na shingo yangu ikataka kwenda kama mbwa anayeitwa jina. Ngozi ikavutwa. Nikaikatalia. Ya pili, nikaikatalia. Nilibana meno kana kwamba nimeshika pini za kushonea, na mtu mwenye pini mdomoni hachezi.

Katikati hivi nikatambua jambo ambalo mara ya kwanza heshima ilikuwa imelificha. Sauti ya shemeji, ukiisikia bila kumwona, bila tai wala koti, ni sauti ya mume wangu. Ni ileile, nzito kidogo tu. Ilikuwa inaniambia kwamba samaki wamekauka juu ya paa.

Machozi yakashuka, moja upande huu, moja upande ule, yakaingia masikioni. Yalinitekenya vibaya sana. Sikutikisika. Kulia bila kutikisika nimejifunza mwaka huu, na leo nimekuta kuna mahali panapohitaji ufundi huo.

Walinitoa zikiwa zimebaki dakika tatu za saa yetu. Sikumwuliza mtu kitu. Nilijifuta, nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe kwenye kioo.

Mistari sita. Yote imelala. Ule wa kuinama ulikuwa umenyooka kama pindo la shuka.

"Nusu milimita haifike," Nadine akasema. Alisema tena, kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. "Mama mudogo, nusu milimita haifike. Mu bantu bote kumi na wawili, hakuna alitulia hivi." Akanikumbatia, akanifungulia pete kutoka kwenye kitambaa, akanivika mwenyewe.

Profesa akanipa mkono. Akaniomba ruhusa ya jambo moja. Anataka ule mstari wa kwanza, wa meno, awaonyeshe wanafunzi wake kila mwaka, bila jina langu, ili wajue mtikisiko wa hatari unafanana na nini. Nikakubali. (Kwa hiyo mimi wa darasa la sita sasa ninafundisha chuo kikuu. Ninafundisha kwa shingo.)

Nilidhani aibu imeishia hapo. Shemeji akanyoosha mkono.

"Na miye ninaomba mustari ule, mu karatasi. Na jina."

"Papa, ya nini?" Nadine akauliza.

"Ya ukuta ya salon, pale ninapokea bageni. Bantu wanasema heshima imeisha mu jamaa. Baje kwangu, baone. Mara ishirini na ine, na hakuna mutu alikuwa anamuangalia."

Guelord akauchapa kwenye karatasi nzuri. Shemeji akaishika karibu na dirisha, akaifuata kwa kidole hadi kwenye jino refu kuliko yote, na sura yake ikawa ile ya mwalimu aliyepata jibu alilolitaka.

"Hapa niliongea jambo nzito. Nilisema nini?"

Nadine akatazama sakafu. Guelord akakumbuka ana kazi chumba cha pili. Shemeji alikuwa ananisubiri mimi, na mimi uongo haunikai mdomoni.

"Papa," nikasema, "hapo ulisema, Dolimeka supeti fanolo redima."

Alifikiri. Akaviringisha karatasi taratibu, isikunjike.

"Eeh," akasema. "Ile ilikuwa neno nzito."

Saa hizi iko ukutani kwake, mtaa wa Bel-Air, kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi yangu, jina langu chini yake kwa herufi kubwa. Mtakaokwenda kuiona, chekeni mnavyotaka. Ila mcheke mkiwa chali, dakika nane, bila kichwa kusogea nusu milimita, kama mnaweza.